Udongo wa Wifi

Mzee Emanueli alipofariki, shamba lake la mteremkoni, juu kidogo ya Lukozi, liligawanywa sehemu mbili. Nusu ilikwenda kwa mwanawe Alen, na nusu kwa binti yake Yunis, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya Korogwe kuvunjika. Mzee mwenyewe ndiye aliyetamka hivyo mbele ya ukoo na mchungaji, akili zake zikiwa timamu, kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga. Jenoveva, mke wa Alen, alilia sana siku ile. Watu walidhani analilia msiba.

Tangu aolewe, mteremko ule wote aliulima yeye. Alijua jembe linagonga mwamba wapi na maharage yanawahi kukomaa wapi. Yunis alikuja na begi moja na viatu vya mjini, akakabidhiwa upande mzuri, ule unaopigwa na jua la asubuhi. Hakuwa na mume wala mtoto wa kulisha.

"Atalima nini na mikono ile?" Jenoveva alimwuliza mumewe.

"Baba ameshasema," Alen alijibu. "Unataka nikabishane na kaburi?"

Yunis alilima. Mwaka wa kwanza alilima vibaya, karoti zake zikatoka kama vidole vya mtoto. Miaka iliyofuata akalima vizuri, na hilo Jenoveva aliliona gumu zaidi kulivumilia. Kati ya mashamba yao palikuwa na kigongo cha ardhi kilichopangwa mawe na kuota masale ya mpaka. Kila mmoja akiinua kichwa kupumzisha mgongo, alimwona mwenzake.

Ndipo akaja Zainabu. Alikuwa mtafiti kijana, mzaliwa wa Muheza, ametumwa na chuo chake kutafuta mashamba pacha: mteremko mmoja, udongo mmoja, wakulima wawili. Kwenye mkutano wa kijiji alieleza taratibu, bila kujivuna. Mvua siku hizi zinachelewa, alisema, halafu zinashuka zote kwa pamoja na kuondoka na udongo. Moshi wa dunia umezidi, joto linapanda. Mimea inaivuta ile kaboni ya moshi iliyomo hewani na kuihifadhi chini, kwenye mizizi na mboji. Msitu wa Magamba unafanya kazi hiyo, lakini peke yake hautoshi. Je, shamba la kawaida la viazi na mahindi linaweza kusaidia, likipandwa miti na majani na kutunzwa vizuri? Kwa kiasi gani? Hilo ndilo alilokuja kupima.

Mashamba ya Jenoveva na Yunis yalimfaa kuliko yote aliyoyaona. Siku ya kuamua nani apande nini, alitumbukiza punje ya hindi na punje ya harage ndani ya kofia yake. Atakayetoa hindi, shamba lake litapandwa miti ya migrivelia na kaliandra, na kingo za matuta zitafungwa kwa majani ya gwatemala. Ardhi yake itafunikwa kwa matandazo na kunde za fiwi zinazotambaa, isibaki uchi hata wakati wa kiangazi. Atakayetoa harage ataendelea kulima kama alivyozoea, asibadili chochote mpaka masika matatu yapite. Baada ya hapo naye atapewa miche.

"Anza wewe, wifi," Jenoveva alisema. Aliitoa kauli hiyo kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni alikuwa anatazama.

Yunis akatoa hindi.

"Basi mimi ndiye niliyeshindwa," Jenoveva akasema huku akicheka.

"Hapana, Mama Janeth," Zainabu alimjibu. "Wewe ni wa kulinganishia. Bila shamba lako, la dada Yunis haliwezi kuniambia kitu."

Jenoveva alirudi nyumbani na neno hilo. Wa kulinganishia. Aliona kama amewekwa kwenye picha pembeni ya mrembo, ili urembo wa mwenzake uonekane. Jioni alipokuwa akisonga bada, ugali wa muhogo, alilirudia mbele ya Alen, naye akasema haoni ubaya wake. Jenoveva hakumsemesha tena mpaka walipolala.

Masika ya kwanza hayakuonyesha tofauti kubwa. Ya pili yalionyesha. Upande wa Yunis majani ya gwatemala yalikuwa yamesimama kama nyua, mstari juu ya mstari. Migrivelia ilikuwa imempita Alen kwa urefu. Hata kiangazi kilipokausha mteremko mzima, pale palibaki rangi ya kijani, na mbuzi wa Yunis walishiba bila kutolewa bandani. Jenoveva alikwenda mpaka ukingo wa msitu kutafuta majani ya mbuzi wake na kurudi na mzigo kichwani, akikatisha chini ya shamba la wifi yake.

Wageni walikuja kutoka mbali, wengine na kamera. Walipelekwa moja kwa moja kwa Yunis. Walishika udongo wake, wakaunusa, wakautazama ukimeguka vidoleni kama mkate. Kisha Zainabu aliwageuza upande wa pili na kusema, "Na huku ni mahali ambapo hapajafanyiwa kitu." Jenoveva alikuwa amesimama palepale na jembe lake. Hapajafanyiwa kitu. Amepanda, amepalilia, amepulizia dawa viazi mara ngapi sijui, na mikono yake inauma, lakini hapajafanyiwa kitu.

Alen naye alianza kwenda kwa dada yake kila Jumamosi, kumsaidia kupogoa. Alirudi amechangamka, akieleza alivyoona minyoo minene kwenye udongo. Janeth, binti yao, alipotoka shule alipitia kwa shangazi kwanza. Yote haya yalikuwa madogo. Jenoveva aliyajua kuwa madogo, na bado aliyahesabu kama mtu anayechambua mchele usiku wa giza, kokoto moja baada ya nyingine, kwa kuzigusa tu.

Lililomwumiza kuliko yote ni mapipa.

Chini ya kila shamba Zainabu alikuwa amefunga bati refu lililopokea maji ya mvua na kuyaingiza kwenye pipa. Kila mvua kubwa iliposhuka alipanda kutoka Lukozi kwa bodaboda, akayakoroga maji, akachota tope, akalianika na kulipima uzito. Pipa la Yunis lilitoa maji yaliyofanana na chai ya rangi. Pipa la Jenoveva lilitoa kitu kizito kama uji wa ulezi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ndoo wakati wa kupima. Njia ya kwenda gulioni Mlalo ilipita hapo chini, na wapitaji walisimama.

"Mama Janeth, shamba lako linahama," mmoja alimtania mwanzoni mwa masika ya tatu. "Hesabu vizuri, litafika Mombo bondeni kabla yako."

Wote walicheka. Yunis pia alicheka, kidogo, kisha akajizuia. Jenoveva alimwona akijizuia.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha kwa nguvu kabla ya mapambazuko. Kulipokucha ukungu ulikuwa umelala juu ya mteremko wote, huoni mti ulio mbele yako. Bodaboda zisingeweza kupanda mpaka njia ikauke. Jenoveva aliteremka kuangalia pipa lake, akalikuta limejaa hadi mdomoni. Akavuka kwenda kuangalia la wifi yake. Lilikuwa na maji tu, na chini yake utando mwembamba wa udongo.

Hakuwa amepanga lolote. Ndoo ilikuwa mkononi. Alichota tope kutoka pipa lake, akalibeba hadi pipa la Yunis na kulimimina. Akarudi. Akachota tena. Alipomaliza alinawa mikono kwa umande wa majani, akapanda nyumbani kuchemsha chai, na aliinywa kwa hamu kuliko siku nyingi zilizopita.

Zainabu alipofika mchana alikoroga pipa la Yunis, akasimama na mti wa kukorogea mkononi.

"Ajabu," alisema.

Mvua iliyofuata, ajabu tena. Na iliyofuata. Ukungu wa masika ulimsaidia Jenoveva kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini anaamka mapema, maana mkulima gani haamki mapema? Sasa shamba la Yunis, pamoja na miti na nyua zake, lilionekana kupoteza udongo mwingi kuliko shamba lisilofanyiwa kitu. Majirani waliokuwa wameomba vipande vya gwatemala wapande kwao walikuja mmoja mmoja kusema watasubiri kidogo. Kijijini maneno yakaanza kuenea kwamba miti ya wataalamu inalegeza ardhi.

Yunis alikonda. Alishinda shambani akikagua kila tuta kwa mikono na magoti, akitafuta panapovuja. Siku moja alikuja kwenye kigongo, akaita kutoka upande wake.

"Wifi, una nafasi kidogo?"

Jenoveva akasogea.

"Wewe umelima hapa miaka mingi kuliko mimi. Nakosea wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa mzee kwa Yunis kumwuliza lolote kuhusu ardhi ile. Jenoveva alihisi joto tamu kifuani. Alijifanya kufikiri, macho yake yakipita juu ya nyua za gwatemala, mstari baada ya mstari.

"Labda hayo majani," alisema. "Yanakusanya maji. Yakizidi, yanabomoka na kushuka na kila kitu. Sisi zamani hatukuyahitaji."

Yunis alitikisa kichwa polepole kukubali, akashukuru. Kesho yake Jenoveva aliinua macho na kumwona wifi yake akiwa na jembe, ameinama kwenye mstari wa juu kabisa, anang'oa. Gwatemala haing'oki kirahisi. Yunis alikata, akavuta kwa uzito wa mwili mzima, akaanguka chali kwenye tope, akainuka, akashika shina jingine. Jenoveva aliendelea kupalilia. Alikuwa ameitamani sana siku hiyo, na ilipofika aliitazama kwa muda mfupi tu. Baadaye alijikuta anapalilia mahali palepale alipokwisha kupalilia.

Masika yalipokuwa ukingoni, Zainabu alikuja jioni moja na kuwakuta wote watatu, Alen, Jenoveva na Yunis mwenyewe, barazani kwa Yunis wakipukuchua maharage. Alisalimia, "Shikamooni," akapewa kigoda na kikombe cha chai. Hakuigusa chai.

"Majibu ya tope yamekuja," alisema. "Lile nililolipeleka kupimwa mboji na kaboni. Dada Yunis, udongo wa shamba lako sasa una mboji nyingi kuliko siku tulipoanza. Nyingi sana, mpaka nilirudia kupima. Lakini tope lililotoka kwenye pipa lako halina mboji hiyo. Haliwezi kuwa limetoka shambani kwako."

"Limetoka wapi, basi?" Alen aliuliza.

"Linafanana na udongo wa Mama Janeth."

Jenoveva alishusha ganda la harage. Lakini Zainabu aliendelea kuzungumza kwa sauti ileile, na alipomtazama Jenoveva macho yake hayakuwa na lawama.

"Nadhani kuna mahali maji yanavuka mpaka. Nilipaswa kuligundua mapema. Nitaleta watu tuchimbe mtaro kando ya kigongo."

"Inawezekana kabisa," Alen alisema. "Mvua za mwaka huu hazikuwa za mchezo."

"Ndiyo," Jenoveva akaitikia. "Zilikuwa kali."

Yunis aliendelea kupukuchua. Zainabu alipoaga na Alen akamsindikiza mpaka barabarani, Yunis alijikung'uta maganda kwenye kanga.

"Wifi, twende shambani mara moja."

Walikwenda. Jua lilikuwa bado halijazama. Yunis alisimama kwenye kigongo, katikati ya masale, akakitazama kwa urefu wake wote, kutoka juu hadi chini.

"Maji hayapandi," alisema.

Jenoveva alijifunga kanga yake upya.

"Kigongo hiki kimeinuka kote. Hakuna hata mahali pamoja ambapo maji ya kwako yanaweza kuja kwangu. Zainabu hajui kwa sababu hakuzaliwa hapa. Kaka yangu anajua, ila hajafikiri."

"Unataka kusema nini?"

"Nimeng'oa majani yangu kwa mikono hii. Nilianguka na kuumia nyonga. Wewe ulikuwa pale, unaniangalia."

Jenoveva alitaka kukana, na maneno ya kukana alikuwa nayo tayari. Yaliyomtoka ni mengine.

"Na mimi nimekuangalia tangu siku uliyokuja," alisema. "Haya mawe unayoyakanyaga, nani aliyatoa shambani? Niliyatoa mimi, nikiwa na mimba ya Janeth. Moja moja. Upande huo wako ulikuwa mawe matupu. Baba yako alikuwa anakaa pale juu ananiona. Halafu akakupa wewe. Hata asante hakusema."

Yunis aliyatazama mawe yaliyokuwa chini ya miguu yake.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Yunis alifikiri kabla ya kujibu. "Sijui. Nisingekurudishia. Sina mahali pengine pa kwenda, wifi. Lakini ningekuwa najua."

Upepo ulipita kwenye migrivelia. Chini kwenye njia mtu alikuwa anaswaga mbuzi kurudi nyumbani, nao walingoja apite.

"Mwambie Zainabu wewe mwenyewe," Yunis alisema. "Nikimwambia mimi, utasema nimekuchongea."

Jenoveva alishuka Lukozi siku ya pili. Alimkuta Zainabu uani kwenye nyumba aliyopanga, anaanika vifuko vya udongo juu ya turubai. Alikuwa ameandaa maelezo marefu njiani, lakini alipoanza yalikuwa mafupi. Tope nililihamisha mimi. Masika yote.

Zainabu alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa turubai.

"Masika yote?"

"Karibu yote."

"Kwa nini, Mama Janeth?"

"Wivu."

Zainabu hakumkemea, na Jenoveva angependa akemewe. Alikusanya vile vifuko, akaanza kuvitia kwenye gunia kimoja kimoja, uso ameuinamisha. Alisema vipimo vya mwaka huo kwa mashamba yao havifai tena, vyote, na kwamba itabidi awaeleze wakubwa wake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kuwa alikuwa ameanza kuamini kwamba amewadanganya watu wa kijiji kile, na hajalala vizuri tangu masika yaanze. Jenoveva alisimama mpaka akaona kusimama kwake hakuna maana. Akaaga.

Mabati na mapipa yaling'olewa. Utafiti uliendelea kwenye mashamba mengine, ya upande wa Mlalo. Zainabu aliitisha mkutano mwingine wa kijiji, akasema palikuwa na kasoro katika upimaji na kwamba miti na majani havikulegeza ardhi ya mtu. Hakumtaja mtu. Lakini Lukozi ni ndogo, na haikuchukua muda watu kujua.

Alen aliposikia alimtazama mkewe kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Hakumpiga wala hakumtukana. Kwa siku nyingi alikula jioni kwa dada yake, akarudi kulala. Jenoveva alikula na Janeth, na kila aliposikia kicheko cha mumewe kikitoka nyumba ya jirani, ule wivu wa zamani uliamka na kumkaba palepale ulipozoea. Alikuwa amedhani kukiri kutauua. Haukufa. Ila sasa alikuwa anaujua sura, na mara nyingine aliweza kuuambia ukae.

Siku moja Alen alibaki kula nyumbani, bila maelezo. Jenoveva naye hakuuliza. Alimwekea nyama ya shingo, anayoipenda.

Mvua za vuli zilipokaribia, Jenoveva alikwenda kwa Yunis na kumwomba vipande vya gwatemala. Hakuna tena aliyemkataza kupanda anachotaka, na miche aliyoahidiwa isingekuja. Yunis alimsikiliza, akamwambia bado anarudishia mstari wake wa juu alioung'oa. Jenoveva akarudi tena baada ya wiki, akaambiwa bado. Alipokwenda mara nyingine, Yunis alimwelekeza kwenye uzio wa pembeni.

"Kata mwenyewe," alisema. "Mimi nyonga bado inauma."

Jenoveva alikata mzigo mkubwa, akavuka kigongo, akaanza kupanda kufuata mteremko ulivyojipinda. Alipanda kwa bidii, akibana vipande karibu karibu ili uzio ujae haraka, uwe mzito kuliko ule wa upande wa pili. Alijua anavyofanya na kwa nini. Mgongo ulipomwuma aliinua kichwa, akamwona Yunis amesimama kwenye masale, amejishika nyonga, anamtazama.

"Umeyabana mno," Yunis alisema. "Yatagombania chakula. Acha nafasi ya mguu mmoja."

Damu ilimpanda Jenoveva. Mwanamke huyu, aliyekuja na karoti za vidole vya mtoto, ndiye anayemfundisha kupanda kwenye shamba la viazi alilolilima miaka yote hii. Jibu lilimfika mdomoni, kali, lenye ile ndoa ya Korogwe ndani yake. Alilishikilia pale kwa muda. Kisha akapiga magoti, akang'oa kipande cha mwisho alichokipanda, akakisogeza mbele, na kukishindilia udongo kwa ngumi.

"Hapo?" aliuliza bila kugeuka.

"Mbele kidogo," Yunis alijibu.

Akakisogeza mbele kidogo.